Kadi na Kijinga cha Moto

Kwa watu wengi wa Sumbawanga memori kadi ni kitu cha nyimbo. Unakwenda kibandani, Izia au kule stendi, unampa kijana kadi yako, unamwambia unataka nini: kwaya, bongofleva, rumba la Kongo, au zile sinema za nje zilizoingizwa maneno ya Kiswahili. Unalipa pesa kidogo, unasubiri, unaondoka na muziki wako mfukoni. Kadi yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba: urefu milimita 15, upana milimita 11, unene milimita moja. Ikidondoka kwenye nyasi, imekwenda hiyo.

Sasa, ndugu msomaji, kadi hiyohiyo ina kazi nyingine ambayo wengi wetu hatujaizoea. Inaweza kuamsha kompyuta nzima. Sisemi kuhifadhi mafaili tu, hapana. Nasema kuiamsha, yaani kuiambia: wewe ni kompyuta, hiki ni kioo chako, hizi ni herufi, anza kazi. Bila kadi hiyo, kompyuta ninayoizungumzia ni kipande cha bodi chenye taa moja nyekundu, basi.

Katika makala haya nataka kusimulia historia ya jambo hilo la kuamsha mashine, toka ile ya Wizara ya Fedha mwaka 1965 mpaka hizi za bodi moja za siku hizi. Nitaifuata kwa swali moja: nani ana uwezo wa kuiamsha? Naona historia ya kompyuta nchini mwetu inakaa ndani ya swali hilo. Tena sisi wa Ufipa tulishaulizwa swali kama hilo zamani, kwa habari ya chuma, na jibu tulilotoa halikutufaa.

Mashine isiyojua kitu

Tuanze na kitendawili. Kompyuta hufanya kazi kwa kufuata maagizo yaliyomo katika memori yake. Hakuna agizo, hakuna kazi. Lakini memori ile ya kufanyia kazi husahau kila kitu umeme ukizimwa. Kwa hiyo kila inapowashwa, mashine ni kama mtoto aliyezaliwa dakika hiyo: haijui kusoma diski, haijui kuandika kiooni, haijui hata kama diski ipo. Lazima iletewe maagizo. Haya, nani atayaleta? Kuleta maagizo nako ni kazi, na kazi inahitaji maagizo. Ni mlango uliofungwa na ufunguo umebaki ndani.

Waingereza na Wamarekani wana msemo wao wa mtu anayejiinua kutoka chini kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe, jambo lisilowezekana. Katika miaka ya 1950 mafundi wa kompyuta waliuazima msemo huo kwa utani, wakauita hivyo ufundi wa kuianzisha mashine. Baadaye neno likafupishwa, na ndiyo maana leo mafundi wetu wanasema mashine "inabuti" au "imegoma kubuti". Kumbe ni buti, kiatu, si neno geni hata kidogo. Mimi hapa nitasema kuamsha, maana ndivyo inavyokuwa: mmoja anaamka, anamwamsha wa pili, wa pili anamwamsha wa tatu, mpaka nyumba nzima iko macho.

Siku za mwanzo aliyevunja kitendawili alikuwa binadamu mwenyewe. Chukua mashine ya PDP-8 iliyotoka Marekani mwaka 1965. Mwendeshaji alisimama mbele ya ubao wenye safu ya swichi 12. Alipandisha hizi, akashusha zile, akawa ameandika agizo moja, akaliingiza, akaandika la pili, la tatu, mpaka yakafika kumi na kadhaa. Maagizo hayo machache yalikuwa na kazi moja tu: kuifundisha mashine kusoma utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Utepe ukaleta programu iliyo kubwa zaidi, nayo ikaleta nyingine. Ukikosea swichi moja, rudi mwanzo. Waliozoea waliyaweka maagizo yale kichwani kama mtu anavyoweka sala.

Hapo pana fundisho. Mwanzo wa mashine ulikuwa kichwani mwa mtu. Mtu huyo akifunga mizigo yake akaenda kwao, mashine inabaki kabati la chuma.

Mwaka 1965 na mwaka 1974

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka huohuo wa 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mjini Dar es Salaam. Jina la ICT ni la kampuni ya Kiingereza, International Computers and Tabulators. Lakini mashine yenyewe ilibuniwa Marekani na kampuni ya RCA, na kule iliitwa RCA 301. Waingereza waliichukua wakaibandika jina lao. Yaani hata hao waliotuletea moto, wao wenyewe walikuwa wameuomba kwa jirani.

Miaka tisa baadaye mlango ukafungwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wanaoandika historia hiyo wanakumbusha yaliyotokea Wizara ya Fedha: hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye kompyuta, kazi ikaharibika na fedha zikapotea, huku ujuzi wa kuziendesha mashine hizo ukiwa bado kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wageni. Serikali ikaona heri kalamu na daftari.

Siku hizi ukilisimulia hilo kijiweni watu wanacheka. Eti nchi imepiga marufuku kompyuta! Mimi naona si la kucheka tu. Wakubwa wale waliona sawasawa kwamba mashine usiyoweza kuiamsha na kuirekebisha mwenyewe inakutawala. Tatizo ni dawa waliyoichagua. Mtu akiungua mkono kwa kuwa hajui kushika moto, unamfundisha kushika moto. Humwambii ale chakula kibichi. Marufuku iliondoa hatari ya mashine, na papo hapo ikaondoa nafasi ya vijana kujifunza kuishika.

Na sisi wa huku tuna sababu ya kuukumbuka mwaka huo. Mwaka 1974 ndio mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa, kwa kumega sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora. Mkoa wetu na marufuku ile ni marika. Ulizaliwa mlango ukifungwa, ukakua mlango ukiwa umefungwa. Masharti yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 kompyuta zikaanza kuingia kwa wingi. Lakini kutoka Dar es Salaam mpaka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa kupitia Mbeya na Tunduma, na kipande cha kutoka Tunduma kilikuwa cha vumbi na matope mpaka lami ilipowekwa katika miaka ya 2010. Mashine ikigoma huku, kuipeleka kwa fundi wa Dar ilikuwa safari ya kuagana na ndugu.

Enzi ya flopi

Mashine za miaka ya 1990 zilikuwa za ukoo wa IBM PC, iliyotoka mwaka 1981. Hizi hazikuhitaji mtu wa kupandisha swichi. Maagizo ya mwanzo yaliandikwa kiwandani ndani ya chipu isiyosahau hata umeme ukikatika. Ukiwasha, chipu ile inaamka, inakagua memori na baobonye, kisha inatafuta diski yenye mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziendesha nyingine zote. Kwanza inatazama mlango wa flopi. Ikikuta flopi yenye mfumo, inaamka kwa flopi. Isipoikuta, inakwenda kwenye diski ngumu ya ndani.

Waliofanya kazi za ofisini wakati ule wanakumbuka vile visahani vya plastiki. Flopi iliyozoeleka mwisho ilikuwa na nafasi ya megabaiti 1.44. Kadi ya gigabaiti 32, ambayo leo ni ya kawaida kabisa, ingehitaji flopi zaidi ya 20,000 kuijaza. Lakini kwa habari ya kuamsha, flopi moja ilitosha. Diski ngumu ikiharibika, mwenye flopi ya kuamshia alikuwa mfalme wa ofisi: aliitia, mashine ikafumbua macho, akaanza matengenezo. Kwa hiyo uwezo wa kuamsha ulikuwa umetoka kichwani mwa mtaalamu, ukaingia katika kitu cha kushika mkononi. Kitu cha mkononi kinaweza kunakiliwa na kugawanywa. Hayo ni maendeleo makubwa, ingawa wakati ule hatukuyaita hivyo.

Kadi na bodi

Memori ya flash, ambayo ndiyo nyama ya kadi hizi, ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa kampuni ya Toshiba, na ikatangazwa hadharani katika miaka ya 1980. Haina kisahani kinachozunguka wala sindano ya kusomea. Inafungia chembe za umeme ndani ya vijumba vidogo mno, nazo hukaa humo hata umeme ukizimwa. Mwaka 1999 kampuni tatu, SanDisk, Panasonic na Toshiba, zilikubaliana juu ya kadi ya SD. Ile ndogo ya kwenye simu, microSD, ilifuata mwaka 2005. Ilitengenezwa kwa ajili ya picha na nyimbo, na ndiyo maana ilifika Izia kama kitu cha nyimbo.

Kisha ikaja bodi. Huko Cambridge, Uingereza, Eben Upton na wenzake waliona jambo lililowasumbua: vijana waliokuja kuomba kusoma sayansi ya kompyuta chuoni walikuwa wakipungua, na hata waliokuja walijua kutumia mashine bila kujua inavyofanya kazi. Wazee wao walijifunza kwa mashine za nyumbani za miaka ya 1980, ambazo ukiziwasha zinakungoja uziandikie programu. Vijana hawa walizaliwa katika mashine zilizofungwa. Mwaka 2009 wakasajili taasisi ya hisani, na tarehe 29 Februari 2012 wakaanza kuuza kompyuta ya bodi moja inayoitwa Raspberry Pi. Ilikuwa na ukubwa wa kitambulisho hivi, na bei ya dola 35, kama shilingi 55,000 kwa thamani ya wakati ule kabla ya nauli na ushuru. Ilipofika mwaka 2016 zilikuwa zimeuzwa milioni 10.

Angalia, wasiwasi wa Cambridge mwaka 2009 ulifanana na wa Dar es Salaam mwaka 1974: tutakuwaje watumiaji wa mashine tusiyoijua? Ila dawa waliyoichagua ni kinyume. Hawakuifunga mashine. Waliifanya iwe rahisi na wazi kiasi kwamba mtoto anaweza kuivuruga bila hasara.

Siri ya kutopata hasara ni kadi. Bodi zile za mwanzo hazikuwa na diski ngumu, wala chipu ya kuamshia kama ya IBM PC. Zilikuwa na maagizo machache sana, yaliyochomwa ndani ya prosesa yenyewe, na mengine yote yalikuwa kwenye kadi. Hebu tufuate mashine inavyoamka, hatua kwa hatua.

Ukichomeka umeme, taa nyekundu inawaka. Ajabu ya kwanza ni kwamba prosesa kuu bado imelala. Anayeamka kwanza ni sehemu ya chipu inayoshughulikia picha za kiooni. Sehemu hiyo ina maagizo yake ya kuzaliwa nayo, na yanasema jambo moja: tafuta kadi, fungua chumba chake cha kwanza, lete faili linaloitwa bootcode.bin. Faili hilo likishasomwa linaamsha memori kubwa. Kisha linaitwa la pili, start.elf, nalo linasoma karatasi ya maelekezo inayoitwa config.txt, ambayo imeandikwa kwa maneno ya kawaida na wewe na mimi tunaweza kuifungua kwenye kompyuta yoyote tukaibadilisha. Halafu linapakia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Hapo sasa ndipo prosesa kuu inaamshwa na kukabidhiwa kazi. Kerneli inafungua chumba cha pili cha kadi, inaita huduma moja baada ya nyingine, maneno yanateremka kiooni kama mvua ya masika, na mwisho mashine inakuuliza jina lako. Wakati huo taa ya kijani ilikuwa inapepesa kila kadi iliposomwa. Usipoweka kadi, kijani haipepesi. Nyekundu peke yake, kimya.

Bodi zilizofuata zimebadilika kidogo. Ile ya nne, ya mwaka 2019, ina chipu ndogo inayobeba hatua ya mwanzo. Lakini desturi ni ileile: kadi ndiyo inayosema mashine hii ni nani. Weka kadi ya maktaba, ni maktaba. Itoe, weka kadi ya mchezo, ni mchezo. Mwanafunzi akivuruga kila kitu, hakuna kilio. Unaandika kadi upya, unaendelea.

Kuomba moto

Zamani vijijini nyumba ikikosa moto mtoto alitumwa kwa jirani kuomba kijinga. Jirani alitoa kijinga na jiko lake halikupungua kitu. Kunakili kadi ni hivyohivyo. Mfumo wote hukusanywa katika faili moja kubwa, mafundi wanaliita imeji, yaani picha kamili ya kadi. Ukishaipata, unaiandika kwenye kadi yoyote yenye nafasi. Anayeipakua mara ya kwanza toka intaneti atalipia bando, na si bando dogo. Lakini wa pili, wa kumi na wa mia hawana haja ya intaneti. Na ni halali. Si kama zile sinema. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, na imeruhusiwa kunakiliwa na kila mtu. Mfumo wa Raspbian uliotengenezewa bodi hizi mwaka 2012 ulikuwa kazi ya watu wa kujitolea. Tangu mwaka 2020 unaitwa Raspberry Pi OS.

Hapa nchini tunao mfano. Katika wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential limetumia bodi hizi katika shule za sekondari, zikipata umeme wa jua, pamoja na maktaba ya RACHEL yenye makala na masomo yanayosomeka bila intaneti. Kwa nini jua linatosha? Kwa sababu bodi ya mwanzo ilihitaji volti 5 na kiasi cha wati tatu na nusu, yaani umeme unaokaribiana na wa chaja ya simu. Paneli inayoshindwa kabisa kompyuta ya kawaida ya mezani inaweza kuendesha hizi kadhaa, ukiacha vioo vyake.

Kwa Ufipa jambo la umeme ni la kulifikiria sana. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa katika gridi ya taifa. Tulipata umeme wa kutoka Zambia na wa jenereta za dizeli. Wenyeji wanajua maana yake: umeme unaondoka bila hodi. Kwa simu si neno, ina betri. Kwa bodi hii ni hatari, na aliyeumia si bodi, ni kadi. Mfumo unapoandika kitu kwenye kadi, unabadilisha pia orodha inayosema faili gani liko wapi. Umeme ukikatika katikati, orodha inaweza kubaki nusu ya zamani na nusu ya mpya. Kesho ukiwasha, kijani inapepesa mara mbili tatu, maneno yanaanza, yanagota njiani. Kadi ileile, bodi ileile, lakini haiamki.

Dawa zake zinajulikana, na si za gharama kubwa. Mashine izimwe kwa amri yake, isichomolewe tu. Iwekewe betri ndogo. Mfumo upangwe usome tu bila kuandika, pale ambapo kazi inaruhusu, kama kwenye maktaba. Zaidi ya yote, kuwe na kadi ya akiba iliyonakiliwa siku mashine ilipokuwa nzima, na ifungiwe kabatini.

Lakini dawa zote hizo zinamtaka mtu anayejua. Na hapo ndipo ninapotaka kurudi nyumbani.

Malungu yalivyozimika

Ukitembea Ufipa bado utakuta mabaki ya malungu, matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma. Tanuri zima lilifika mita tatu hivi kwenda juu. Halikuwa na mivukuto. Lilijengwa na matundu kuzunguka kitako, yenye vipenyo vya udongo, na urefu wake wenyewe ulivuta hewa kama bomba la moshi. Ndani walipanga mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka. Chini kabisa, katikati ya msingi, fundi mkuu alizika dawa kabla ya kazi kuanza.

Kilichotoka kwenye ilungu hakikuwa jembe. Kilikuwa donge la chuma lenye uchafu mwingi. Donge lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, lenye mivukuto, likasafishwa. Kisha likaenda kwa mfua chuma, akaligonga mpaka likawa jembe, na jembe ndilo lililolima yale matuta ya ntumba yanayofukia majani na kurutubisha udongo wetu. Hatua ya kwanza inaamsha ya pili, ya pili inaamsha ya tatu. Silinganishi ili kupamba maneno. Nalinganisha kwa sababu kazi ya hatua nyingi hufa kwa namna moja: hatua moja ikikosa mjuzi, zilizobaki hazina maana.

Wageni waliyaandika hayo. Padre Wyckaert wa White Fathers aliandika habari za wafua chuma wa huku katika jarida la Anthropos mwaka 1914. Greig akaandika juu ya uyeyushaji wa Ufipa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Kufika wakati huo kazi yenyewe ilikuwa inakufa. Majembe ya kiwandani yalikuja kwa meli, rahisi, yamekwisha kunolewa. Nani angehangaika na mkaa na udongo? Kwa mtu mmojammoja lilikuwa jambo la akili: ukiwa na shamba la kulima na jembe la bei nafuu dukani, unanunua jembe. Lakini kila aliyenunua alimpunguzia fundi mteja, na fundi asiye na wateja hana wanafunzi, na wazee walipokufa hatua zile zikafa nao. Profesa Bertram Mapunda alipofanya utafiti wa chuma cha Ufipa kwa ajili ya shahada yake ya udaktari, iliyokamilika mwaka 1995, ilibidi achimbue. Ujuzi uliokuwa kazi ya babu ukawa elimu ya wachimba mambo ya kale.

Jembe la dukani halikuwa adui. Hasara ilikuwa kupokea kilichokamilika na kuacha kabisa kujua kinavyokamilishwa.

Kadi tayari

Sasa tazama kadi. Mashine nyingi za msaada huja na kadi zilizokwisha kuandikwa. Unachomeka, inaamka, watu wanapiga makofi na picha. Hakuna ubaya. Nguo ya kuazima, hata hivyo, wahenga walishatuambia haisitiri. Muhula wa pili umeme unakatika mara kadhaa, kadi mbili zinakufa. Muhula wa tatu, tano. Mwalimu anasema mashine zimeharibika. Hazijaharibika! Bodi ni nzima, kioo ni kizima. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nusu saa na kadi ya shilingi elfu kadhaa na kuiandika upya. Vifaa vinavyotakiwa ni kompyuta moja yoyote, kisomea kadi, na faili la imeji. Kazi hiyo haina ugumu kuliko ile ya kijana wa kibandani ya kupanga nyimbo mia tatu kwa majina ya waimbaji. Tena naamini ndiye anayefaa kuanza nayo, maana kadi anazijua: anajua bandia kwa kuishika, anajua ipi itakufa baada ya mwezi.

Nisiseme kwamba tukijua kuandika kadi tumemaliza. Yale mafaili ya mwanzo kabisa, bootcode.bin na mwenzake, hayakutolewa wazi kama Linux. Ni ya kampuni iliyotengeneza chipu, Broadcom, na mwandika kadi anayanakili bila kuyasoma. Ni kama dawa ya fundi mkuu iliyozikwa kwenye msingi wa tanuri: unajua ipo, unajua bila hiyo kazi haianzi, hujaonyeshwa kilichomo. Na chipu zenyewe hatuzitengenezi hapa. Kwa hiyo kujitegemea kwetu kuna mpaka, na ni vizuri kuujua. Lakini kati ya mtu anayeweza kuandika kadi na asiyeweza kuna umbali mkubwa kuliko ule wa kati ya mwandika kadi na mtu wa Cambridge. Wa kwanza mashine yake ikifa ataifufua. Wa pili atangoja gari la kutoka Dar.

Liko na jambo la lugha. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maelekezo ya Kiswahili. Ilionekana wazi kwamba mashine inaweza kusema nasi kwa lugha yetu. Lakini maneno yale yanayoteremka kiooni mashine inapoamka bado ni ya Kiingereza, na ndiyo hasa ya kusomwa siku inapogoma, maana ndiyo yanayosema imegota wapi. Mwanafunzi anayeyaogopa atamwita fundi. Anayeambiwa kwa Kiswahili kwamba hii ni hatua ya tatu, kadi imesomeka, chumba cha pili ndicho kibovu, atajitengenezea.

Kwa hiyo shule ya huku ikiletewa kompyuta za aina hii, swali la kuuliza siku ya makabidhiano lisiwe ziko ngapi. Tuulize kadi ya kwanza itakapokufa ni nani, kwa jina lake, atakayeandika ya pili, na je, amekwisha kumfundisha mwenzake. Akikosekana mtu wa kutajwa, basi tumepokea majembe ya meli kwa mara nyingine. Akitajwa, hata kama ni msichana wa kidato cha pili anayeazima kisomea kadi kibandani Izia, moto umefika.